Jezi namba 34 ya Bo Jackson kutoka mnada wa Msalato, nimeivaa mwezi sasa

Wapenzi wa jezi za mtumba hapa Dodoma niwape ripoti. Jumamosi moja mwezi uliopita nilienda Msalato kufuata mbuzi, nikapita kwenye maturubai ya nguo naona kitu cheusi chini ya rundo, navuta, namba 34 ya silva, mgongoni JACKSON. Raiders, timu ya futiboli ya Kimarekani! Mkono ulitetemeka. Kijana muuzaji akasema kaka hiyo ya ragbi, elfu ishirini, tukavutana mpaka kumi na mbili.

Mzigo ni grade one. Namba zimeshonwa, hazijabandikwa, ukipitisha kidole unasikia mishono, na kitambaa kina vitobo vidogo vidogo kwa hiyo hata jua la saa nane unavumilia. Nimeifua mara nne na maji yetu haya ya chumvi, weusi uko pale pale. Kwapa la kushoto lilikuwa limefumuka, fundi kalirudisha kwa buku. Ila XL ya Marekani ni kubwa kweli, mwembamba itamvaa.

Huyu Bo wengi huku hawamjui na inaniuma. Mtu wa Bessemer, Alabama. 1986 timu ya Tampa Bay walimchagua wa kwanza kabisa kwenye drafti ya NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani, drafti ndo timu zinapogawana wachezaji wapya) akawakataa, maana safari ya ndege waliyompangia ilivunja kanuni za michezo ya vyuo ikamkosesha kumalizia besiboli chuoni, akaenda zake kucheza besiboli Kansas City Royals. Mwaka uliofuata Raiders wakamchukua raundi ya 7, wakakubali amalize kwanza msimu wa besiboli, ligi ya mechi 162 hiyo, ndo aje kwao. Yaani mwili gani huo? Siku anatimiza miaka 25, tarehe 30 Novemba 1987, akakimbia na mpira yadi 221 dhidi ya Seattle, mbio moja tu yadi 91, akavuka mstari akapitiliza mpaka ndani ya korido ya uwanja. 1989 akawa mchezaji bora wa mechi ya nyota wa besiboli, na ndiye wa kwanza kuitwa kikosi cha nyota kwenye ligi zote mbili.

Januari 1991 wakicheza na Cincinnati akadakwa kwa nyuma, nyonga ikaenda, damu ikaacha kufika kwenye mfupa na mfupa ukafa. NFL ikaishia hapo, misimu minne tu jamani. Akawekewa nyonga bandia, na 1993 akarudi besiboli na White Sox, mara ya kwanza anashika gongo kwenye mechi ya msimu baada ya upasuaji akapiga hom rani, yaani mpira ukatoka nje ya uwanja!

Haya yote nilimsimulia yule kijana nikiwa nimekaa juu ya belo lake. Kwenye nyonga bandia akanyamaza, halafu akaingia kwenye rundo kunitafutia nyingine. Hakupata, ila namba yangu ya simu anayo.