Mapenzi ya kurudiana ndani ya ICU: riwaya ya taharuki kwa jicho la muuguzi

Jina la riwaya silitaji, maana nitaeleza siri yake yote na sitaki kumharibia uhondo aliyekwisha kuianza. Mpenzi wa hadithi za watalaka wanaorudiana, na hasa kama anapenda pia taharuki ya hospitali, ataitambua akiishika. Mimi ni muuguzi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Vitabu vya namna hii huwa navisoma kwa hasira, kwa sababu waandishi wengi huigeuza hospitali kuwa pambo la mapenzi: koti jeupe, king'ora, busu kwenye korido. Hiki kimenishika mpaka nikachelewa kulala baada ya zamu, jambo ambalo mwili wangu hauliruhusu kirahisi.

Kisa ni hiki. Mfamasia aligundua kwamba dawa kali za maumivu zinapungua stoo, akamwambia mumewe, daktari bingwa wa upasuaji, kwamba anayezichukua ni rafiki yake wa chanda na pete, daktari wa usingizi. Mume akamtetea rafiki. Ndoa ikavunjika hapo, bila hawara wala ugomvi wa mali. Miaka imepita, mama huyu analetwa mahututi baada ya ajali ya gari, anawekwa kwenye mashine ya kupumulia katika hospitali ileile. Usiku wa pili sukari yake inaporomoka bila sababu. Hana kisukari, wala hajaandikiwa insulini, ile inayoshusha sukari ya damu.

Uzuri wa kitabu uko hapo: kilichoivunja ndoa na kinachotaka kumuua ni kitu kimoja. Riwaya nyingi za mchanganyiko huu zina hadithi mbili zilizofungwa kamba moja, sura hii ya mapenzi, ile ya muuaji. Hapa swali ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, kama yule bwana safari hii atamwamini mkewe.

Na mwandishi amelifanya swali hilo kuwa gumu kwa kutumia jambo ambalo sisi wa ICU tunalijua sana. Mgonjwa wa huko huweweseka. Dawa za usingizi, homa, taa zisizozimwa na usiku usiojulikana na mchana humfanya aone watu ambao hawapo, na wengi husadiki kabisa kwamba wahudumu wanataka kuwaua. Nimeshikwa mkono na wagonjwa wakinisihi nisiwawekee sumu. Sasa mama huyu, bomba likiwa bado kooni, anaomba karatasi kwa ishara, anaandika kwa mwandiko uliopinda kwamba kuna mtu alikuja usiku akachezea dripu yake. Kila mtu anasema anaweweseka. Na kwa kweli anaweweseka! Karatasi hiyohiyo imeandikwa pia kwamba kuna ndege juu ya pazia. Mumewe wa zamani anasimama nayo mkononi, na ukurasa mzima hatuambiwi anawaza nini, tunaona tu anavyoisoma upya, mstari wa ndege, kisha mstari wa dripu. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilisoma tukio la mapenzi lenye nguvu hivyo, na hakuna aliyetamka neno.

Angalia pia bomba lile. Katika vitabu vingi mgonjwa hufumbua macho na papo hapo kusema "nakupenda", ilhali bomba la hewa limepita katikati ya nyuzi za sauti, na huyo hawezi kutoa hata mguno. Likishatolewa, sauti hukwaruza kwa muda. Mwandishi huyu analijua hilo na ameliheshimu, na ukimya huo umeyafaa mapenzi kuliko hotuba yoyote.

Uchunguzi wenyewe ni wa kweli. Kongosho likitengeneza insulini, hutoa pamoja nayo kipande cha protini kiitwacho peptidi C, kwa kiasi kilekile. Insulini ya chupa haina. Kwa hiyo damu yenye sukari ya chini, insulini nyingi na peptidi C kidogo inasema wazi kwamba insulini imetoka nje ya mwili. Lakini sampuli ichukuliwe sukari ikiwa bado iko chini, kabla ya kumpa mgonjwa glukosi, na hapo ndipo roho yangu ilipopanda kooni. Daktari yule, kwa kuwa ni mtalaka wake, ameshamkabidhi mgonjwa kwa mwenzake kama maadili yanavyotaka, hana ruhusa hata ya kufungua faili. Anayeokoa jahazi ni muuguzi kijana wa zamu: anavuta damu kwanza, anaandika saa kwenye chupa, ndipo anasukuma glukosi. Sekunde chache tu, zimeandikwa hatua kwa hatua, mpaka lebo. Nilitaka kumkumbatia.

Anayedhani mambo haya ni ya kubuni akumbuke kesi ya Kenneth Barlow, muuguzi wa Bradford, Uingereza, aliyehukumiwa mwaka 1957 kwa kumuua mkewe kwa insulini. Kipimo cha peptidi C hakikuwepo wakati huo. Wachunguzi walikuta alama za sindano, wakatoa insulini kwenye nyama ya mwili pale ilipodungwa, wakaijaribu kwa panya. Hofu ya mhudumu anayeua ina mizizi ya kweli, na riwaya inaigusa bila kuwachafua wahudumu wote.

Kasoro zipo. Moyo unasimama, mstari kwenye skrini umenyooka, na daktari anapiga shoti ya umeme. Hapana. Shoti ni ya moyo unaotetemeka ovyo, siyo wa mstari ulionyooka. Huo unatakiwa kukandamizwa kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, pamoja na adrenalini. Mwandishi aliyejua habari za peptidi C alishindwaje hapa? Tena siku chache baada ya kutoka kwenye mashine mama anakimbia ngazi akimkwepa muuaji. Mgonjwa wa namna hiyo kukaa kitini tu ni kazi, misuli imeyeyuka. Muuaji naye anakiri kurasa nyingi mno. Mkurugenzi wa hospitali hana uhai wowote.

Kurudiana kwao kumenipendeza kwa sababu bwana hakusamehewa kwa kumwokoa. Bibi anamwambia kwamba kuokoa mgonjwa ni kazi yake, anachomdai ni ile siku ya kwanza. Inabidi aende akaseme mbele ya wenzake wote kwamba mkewe alisema kweli na yeye alimkana. Anakwenda. Baada ya hapo tu ndipo bibi anamruhusu ampeleke nyumbani, chumba cha wageni.

Nyota nne kwa tano. Moja nimeikata kwa ajili ya ile shoti. Kisomwe na wote wapendao taharuki yenye moyo, na wauguzi kwanza. Lakini ikiwa una ndugu yako ICU hivi sasa, kiweke kando mpaka atoke, maana baada ya sura ya dripu utamtilia shaka kila anayesogelea kitanda chake.