Loda ya Mbele na Kijiko cha Nyuma kwenye Massey Ferguson 165: Tathmini ya Kazi Niliyofanyiwa Tabora

Trekta niliyoipeleka kufungiwa loda ya mbele (mikono yenye ndoo ya kusukumia na kupakia) na kijiko cha kuchimbia cha nyuma ni Massey Ferguson 165, toleo lililotengenezwa kati ya mwaka 1964 na 1975, yenye injini ya Perkins ya silinda 4 na nguvu za farasi zipatazo 60. Inafanya kazi shambani kwetu Urambo, na nilichotarajia kutokana na vifaa hivyo kilikuwa kusawazisha vichuguu, kung'oa visiki vya mininga, kuchimba lambo la kunyweshea ng'ombe na kupakia samadi. Vifaa nilivinunua vikiwa vimeshatumika, na kazi ya kuvifunga niliikabidhi karakana moja ya mjini Tabora. Nimevitumia kwa misimu miwili ya kiangazi sasa. Loda ilifungwa vizuri tangu siku ya kwanza na ninaisifu bila kusita. Kijiko kilifungwa vibaya, kwa namna ambayo ingeweza kuua mtu, na hakikufaa mpaka kilipotengenezewa fremu.

Mwenye trekta ya zamani aanze kwa kuelewa kwamba trekta si lori. Haina chasisi. Injini, giaboksi na nyumba ya difu vimefungwa kwa boliti, kimoja nyuma ya kingine, na hivyo vyenyewe ndivyo uti wa mgongo wa mashine nzima. Plau huivuta trekta kwa nyuma na upande wa chini, jambo ambalo wabunifu walilikusudia; kijiko hukandamiza, hunyanyua na kuyumbisha kwa nguvu inayobadilika kila levo inapoguswa, na nguvu hiyo isipopewa njia yake hupita kwenye boliti zinazoshikilia giaboksi na injini.

Karakana ilikitundika kijiko kwenye mikono mitatu ya nyuma, ile ile inayobeba plau, na nikahakikishiwa kwamba inatosha. Siku ya tatu ya kuchimba lambo, meno ya kijiko yalipita mchanga wa juu yakafika kwenye tabaka gumu lenye changarawe. Mpwa wangu, ambaye ndiye dereva, alivuta levo ya kukunja mkono wa kijiko. Meno hayakusogea hata kidogo. Kilichosogea ni kijiko chenyewe pamoja na kiti alichokalia, vikaanza kupanda kuelekea kwenye trekta, toplinki, yaani ule mkono wa juu kati ya mitatu, ikapinda mbele ya macho yangu, na nafasi kati ya mgongo wake na usukani ikabaki upana wa viganja viwili. Aliachia levo akaruka chini. "Mjomba," aliniambia akiwa bado anahema, "hiki kitu kilitaka kunikunja."

Tulipoirudisha trekta mjini, fundi mkubwa aliikagua toplinki kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mzee wangu, hapa tulikosea. Hii inataka fremu nzima." Nampa haki yake: hakubishana, wala hakunitoza fedha ya ufundi kwa marekebisho, ingawa chuma nilinunua mimi na peke yake kilikula karibu theluthi ya gharama yote. Lakini kazi ya namna hii haipaswi kujifunziwa kwa mgongo wa kijana wa watu, na karakana inayopokea kijiko cha kuchimbia bila kuuliza habari ya fremu haistahili kupewa trekta.

Fremu yenyewe ni mihimili miwili ya chuma kizito inayoanzia kwenye ekseli ya nyuma, inapita ubavuni chini ya trekta, na kuungana mbele na mabano yanayobeba mikono ya loda. Kijiko sasa kinakaa kwenye fremu hiyo kwa pini nne, wala hakigusi mikono ya plau. Faida yake iliyonifurahisha zaidi ni kwamba loda na kijiko vimekuwa vikisaidiana, kwa sababu uzito wa kijiko nyuma unaizuia trekta kuinua magurudumu ya nyuma pale ndoo ya loda inapojaa udongo mbichi.

Kuhusu pampu, karakana ilifanya uamuzi sahihi, nami nilikuwa nimekosea. Nilidhani haidroliki ya trekta, yaani nguvu yake ya oili inayonyanyua vifaa, ingetosha, na ningeokoa fedha. Pampu ya ndani ya Massey ya umri huu iliundwa kunyanyua plau, inatoa oili kidogo, na oili yake ni ile ile inayolainisha giaboksi. Uchafu ukiingia kupitia mipira ya oili ya loda, gia zinaunywa. Walifunga pampu ya pembeni inayoendeshwa na kichwa cha krenki mbele ya injini, pamoja na tangi lake na chujio kwenye njia ya kurudi. Wangeweza kuifunga kwenye PTO, shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha vifaa, jambo ambalo ni rahisi zaidi, ila kwa trekta yenye klachi ya hatua moja kukanyaga klachi kunasimamisha PTO, na loda ingegoma ndoo ikiwa hewani kila unapobadilisha gia. Mtu asikubali pia pampu isiyo na vali ya kupunguza presha, kwa kuwa bila hiyo kitakachopasuka kwanza ni mpira wa oili, na mpira huo unapita karibu na miguu ya dereva.

Ekseli ya mbele ndiyo inayoumia kimya kimya. Tulibadilisha bushi na pini ya katikati kabla ya kufunga chochote, tukaweka matairi ya 7.50-16 yenye nyuzi nyingi, na hata hivyo baada ya msimu mmoja bushi za upande wa kushoto zilikuwa zimelegea tena. Grisi ni ya kila siku. Trekta yangu ina usukani wa haidroliki. Asiye nao afikiri mara mbili, kwani kugeuza ndoo iliyojaa kwa nguvu za mikono ni mateso.

Kwa vichuguu, mashine hii ni neema kubwa. Kichuguu kilichokuwa kikiwachukua vijana wanne siku nzima kwa sururu na majembe sasa kinaisha kabla ya chai ya saa nne, na udongo wake tunausambaza shambani. Visiki ni lazima vichimbwe kuzunguka kwa kijiko hadi mizizi ikatike. Kusukuma kisiki kwa loda kunapindisha mikono yake, na mkono mmoja ukipinda ndoo hailali sawa tena. Urambo ilikuwa mojawapo ya sehemu za mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, mpango ambao mizizi na ardhi ngumu zilikula mashine zake nyingi, kwa hiyo ninawasihi madereva wa huku waviheshimu visiki.

Hivi sasa silinda ya kunyanyua kijiko inavuja oili kwenye sili, na mkono hushuka wenyewe polepole ukiachwa juu. Mpaka sili mpya ifike, tunakilaza kijiko chini kila jioni na hatumruhusu mtu kupita chini yake.