Mafunzo ya WhatsApp kwa wahudumu wa afya: mstari wa T uliopotea

Nimemaliza juzijuzi somo la malaria kwenye haya mafunzo ya kuchati tunayopewa watu wa zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii huku Chamwino, na hasira bado sijaimeza. Jina la waandaaji siliandiki.

Roboti inatuma picha ya mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, iliyokwisha kukaa muda wake, kisha inauliza: chanya, hasi, au kipimo hakifai? Picha niliyopokea ina mstari mmoja tu, wa C, ule unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Nimeivuta ikajaa kioo kizima, nimeongeza mwanga, nimeifuta na kuipakua upya. C peke yake. Nikajibu hasi. "Si sahihi. Jibu ni chanya." Kumbe mstari wa T, ule wa malaria yenyewe, upo kwenye picha halisi, mwembamba na umefifia, ila picha ilipobanwa iwe nyepesi ukamezwa na weupe wa karatasi.

Na huo mstari hafifu ndio somo lenyewe! T ikionekana, hata kwa mbali, maadamu C ipo, kipimo ni chanya. C isipotokea, kipimo hakifai, chukua kingine upime upya. Sasa mhudumu mgeni akiambiwa amekosea kwa kitu ambacho macho yake hayakuonyeshwa, ataamini nini siku akiwa na mtoto anayechemka homa mbele yake? Nimewaandikia mara mbili. Roboti ikajibu: "Sijaelewa. Chagua A, B au C."

Dawa yake ni ndogo. Picha ikatwe libaki dirisha la kusomea, waache kutuma kipimo kizima pamoja na meza, glavu na chupa ya bafa (maji ya kipimo). Au waitume kama dokumenti, haibanwi. Na kabla ya kuisambaza waifungue kwenye simu ya bei ya chini kabisa, siyo kwenye kompyuta ya ofisini.

Haki yao niwape: somo la kuhesabu pumzi ni zuri mno. Unatazama video ya kifua cha mtoto, unahesabu dakika nzima, unatuma namba. Ukihesabu sekunde 30 ukazidisha kwa mbili unaumbuka, maana pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja. Miezi 2 hadi 11, kuanzia 50 ni haraka. Mwaka mmoja hadi mitano, kuanzia 40. Hata ile sauti ya ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini kwa anayehara, pakiti moja kwa lita moja, yaani chupa mbili za nusu lita, na zinki siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma, unaipakua mara moja na kuisikiliza bila bando. Hapo nilikuwa naelekea nyota nne kabisa.

Halafu ukaja ujumbe: "Hujajibu kwa saa 24. Taarifa imetumwa kwa msimamizi wako." Jamani! Mtandao ulikuwa umekata, jibu langu limeganda na alama ya saa, halina hata tiki moja. Kimya cha mnara kinaandikwa uvivu wa mtu. Hizo saa 24 zenyewe ni utaratibu wa akaunti za biashara za WhatsApp: zikipita tangu mwanafunzi aandike, roboti haiwezi kuendelea na mazungumzo ya kawaida, inaruhusiwa ujumbe wa kiolezo tu, yaani ulioandikwa na kuidhinishwa mapema. Sasa si kiolezo hicho kiseme "Andika ENDELEA", na ukiandika kikurudishe swali uliloishia? Mimi nilirudishwa swali la kwanza. Kwa mnaoanza: mkipata mtandao andikeni neno lolote kabla saa hazijatimia, muda unaanza kuhesabiwa upya.

Nyota mbili. Ningetoa moja, somo la pumzi limenizuia. Wakibadilisha ile picha nitarudi nizifanye nne, mradi na msimamizi aambiwe kwamba ulikuwa mtandao. Leo asubuhi nimeifungua tena: picha ni ile ile.