Nimepima tezi ya shingo kwenye kliniki binafsi Tanga: bei, vipimo na nilichoambiwa

Aliyekuja kutafuta bei tu, hizi hapa: kumwona daktari bingwa wa magonjwa ya ndani 30,000, altrasaundi ya shingo 40,000, kipimo cha damu cha TSH (homoni inayoiamrisha tezi) 30,000 na cha FT4 (homoni ya tezi yenyewe) 30,000. Jumla 130,000, nimelipa kwa simu, bila bima. Pale mapokezi wamebandika tangazo la "kifurushi cha tezi" cha 260,000. Hicho nilikikataa, na nitaeleza kwa nini. Kliniki yenyewe iko mjini kati, jina silitaji kwa sababu nina ya kuwasifu na ya kuwalalamikia, na Tanga hii tunajuana.

Kilichonipeleka ni pini ya mtandio. Nafunga chini ya kidevu miaka yote, mara nikaanza kuona pananibana hata nikilegeza. Kwenye maulidi ya jirani mama yangu mdogo akanitazama nikimeza maji, akasema mbele ya watu, "Wewe una rovu," yaani goita, uvimbe wa tezi. Hapo tena kila mwenye mdomo akawa na dawa yake. Lakini mimi nilikuwa na mengine ambayo sikuyasema pale uani. Kaskazi imekolea, watu wanalala madirisha wazi na bado wanajipepea, mie nimejikunyata ndani ya blanketi. Nywele zinabaki kwenye kitana. Choo kigumu, hedhi nzito, na uchovu wa kuamka nao asubuhi.

Nadharia za ndugu zilikuwa mbili. Ya kwanza, mla samaki hapati rovu, kwa hiyo mimi wa Ngamiani niliyekulia changu na dagaa ningepata wapi? Ya pili ya shangazi yangu aliyeolewa Lushoto, kwamba rovu ni ugonjwa wa milimani. Zote zina mzizi wa kweli. Tezi hutengeneza homoni zake kwa kutumia iodini, yale tunayoyaita madini joto. Udongo wa milimani umeoshwa na mvua hadi madini hayo yamepungua, na samaki wa baharini wanayo. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 chumvi ya kula nchini inatakiwa kutiwa madini joto. Ila huku pwani chumvi ya mashamba bado inauzwa kwa kopo, haina pakiti wala maandishi, na hiyo huwezi kujua kama imetiwa kitu. Halafu kuna jambo ambalo ndugu zangu hawakulifikiria kabisa: tezi inaweza kuharibika hata kama madini unayo tele, kwa sababu kinga ya mwili wako mwenyewe inaishambulia. Na wanawake ndio tunaopatwa zaidi, mara kadhaa kuliko wanaume.

Jirani mmoja aliniletea mwani wa kusaga, ananiambia kijiko asubuhi na jioni, unayeyusha goita. Nilikaa nao mezani nikausikilizia kwanza. Nafurahi hivyo, na mbele utaona.

Mapokezi ndipo waliponikera. Dada wa dirishani aliniuliza shida yangu nikamwambia kwa sauti ya chini, yeye akamwitia mwenzake aliye mwisho wa ukumbi, "Huyu wa goita, mpe faili!" Benchi zima likanigeukia shingo. Mtu analipa kliniki binafsi ili apate faragha kidogo, na hiyo ndiyo huduma ya kwanza aliyonipa.

Baada ya hapo nikaingia kwa daktari, na hapa ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Ni mzee wa makamo, mpole. "Shikamoo daktari." "Marahaba mwanangu, karibu." Hakukimbilia kalamu. Alinipa kikombe cha maji akaniambia nimeze huku anatazama shingo kwa mbele, kisha akasimama nyuma yangu akaipapasa kwa vidole vya mikono miwili, nimeze tena. Akaeleza kwamba uvimbe wa tezi hupanda na kushuka mtu anapomeza, kwa hiyo hata bila mashine unaweza kujua kama ni tezi au ni kitu kingine. Akapima mapigo ya moyo, akaniambia ninyooshe mikono aone kama inatetemeka, akagonga kifundo cha mguu kwa kinyundo.

Kisha maswali. Chumvi gani naitumia. Kwetu kuna mtu mwenye tezi. Nina mimba au natarajia, kwa kuwa upungufu wa homoni hizi unaweza kumdhuru mtoto tumboni. Natumia dawa gani. Nikamtajia vidonge vya nywele nilivyonunua duka la vipodozi. Akataka kuona pakiti, nikamwonyesha picha kwenye simu. Ina bayotini, ile vitamini ya nywele, tena ya kiwango kikubwa. Akasema damu haitolewi leo.

Hili naomba mlisome mara mbili. Bayotini haidhuru tezi, inadanganya mashine ya maabara. Kwa mashine nyingi inaweza kuonyesha TSH iko chini kuliko ilivyo na FT4 iko juu, yaani mtu ambaye tezi yake imelala anaandikwa kwamba inafanya kazi kupita kiasi, halafu anapewa dawa ya kuizima. Akaniambia niache vile vidonge siku kadhaa ndipo nirudi maabara. Swali hilo maabara hawakuniuliza, na tangazo la kifurushi halisemi lolote. Ningepitia dirishani moja kwa moja kama wengi wanavyofanya, ningetoka na majibu ya uongo yenye mhuri.

Sasa kifurushi. Ndani yake kuna altrasaundi, TSH, FT4, FT3 (homoni nyingine ya tezi), kinga za TPO (alama kwenye damu kwamba kinga ya mwili inaishambulia tezi) na kipimo cha thairoglobulini, protini inayotengenezwa na tezi. Nilimuuliza daktari kama nichukue tu vyote niondoe shaka. Akacheka. Akasema TSH haitoki kwenye tezi ya shingo, inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni ya mnyapara wa shamba la mkonge: vibarua wakizembea, sauti yake inapanda, wakizidisha kazi, ananyamaza. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, tezi ya shingo imezembea. Ukiipima hiyo pamoja na FT4 umeshajua habari kubwa. FT3 inasaidia zaidi pale tezi inaposhukiwa kufanya kazi kupita kiasi, kwa moyo unaodunda, jasho na kukonda, jambo ambalo mimi sina. Thairoglobulini hutumika hasa kumfuatilia mtu aliyekwisha kutolewa tezi kwa saratani. Mimi nina tezi yangu shingoni, ya nini? Kinga za TPO akasema zina kazi, ila tusubiri tuone TSH kwanza.

Daktari wa kliniki hiyohiyo anakukataza kununua bidhaa ya kliniki yake. Nilitoka na heshima kubwa kwake. Uongozi sijui wanamwonaje.

Altrasaundi niliifanya siku hiyohiyo, kwa sababu bayotini haiihusu. Wapo wanaoogopa kwa vile chumba kimeandikwa mionzi mlangoni, lakini kipimo hiki kinatumia mawimbi ya sauti, hakina mionzi yoyote, hata mjamzito anapimwa. Kwa akina mama wenzangu: utavua mtandio na mkufu, na nguo yenye kola ya juu itakusumbua. Niliomba mpimaji mwanamke, wakanipa bila kinyongo, nikasubiri kidogo tu. Mlango ulifungwa na pazia likavutwa. Hapo nawapa alama zote.

Unalala chali, mto unawekwa chini ya mabega ili shingo itokeze. Jeli ni ya baridi, na kwa mtu ambaye tayari anasikia baridi Tanga, niliruka. Anapitisha kile kifaa upande wa kulia, wa kushoto, na katikati pale panapounganisha, anapima urefu, upana na kina cha kila upande, kisha mashine inakokotoa ujazo. Anakuambia usimeze, halafu anakuambia meza. Akapitisha na pembeni kutafuta matezi mengine madogo ya shingo, si hii ya goita, kama yamevimba. Hakuna maumivu. Nilimuuliza anaona nini, akajibu kwa adabu kwamba atakayesoma ni daktari. Sawa, ndiyo utaratibu, ingawa uso wa mpimaji anapokunja ndita ni majibu tosha ya kukukosesha usingizi.

Ripoti nilipewa baada ya saa moja hivi, na yote ni ya Kiingereza, lugha ya madaktari kwa madaktari. Picha zimechapwa kwenye ile karatasi laini inayofifia. Zipige picha kwa simu siku hiyohiyo, kwa sababu ukikutwa na kinundu, yaani uvimbe mdogo ndani ya tezi, mwakani utaulizwa kilikuwa na ukubwa gani.

Damu nilirudi kutoa baadaye. Kufunga kula si lazima kwa vipimo hivi, nilikwenda nimeshakunywa chai na mkate wa ajemi. Sindano moja, mrija mmoja. Lakini kumbe sampuli wanazisafirisha Dar es Salaam, na hilo huambiwi mpaka umeshalipa. Waliahidi siku mbili, yakachelewa. Na kliniki ina sheria kwamba kurudi kwa daktari ndani ya wiki ni bure, zaidi ya hapo unalipa upya. Majibu yamefika wiki imepita, dirishani wananidai 30,000 nyingine ya kumwona daktari. Nikagoma. Nikawaambia aliyechelewa si mimi, ni basi lenu. Tulivutana mpaka daktari mwenyewe akatoka kuuliza kelele ni za nini, akanichukua akaingia na mimi. Wasingekuwa na yule mzee, maoni haya yangekuwa mafupi na makali.

Majibu yangu, kwa faida ya wenye hali kama hii. TSH 7.4, wakati kiwango cha maabara hiyo ni 0.27 hadi 4.2. FT4 13, kiwango 12 hadi 22. Yaani mnyapara ameanza kupaza sauti lakini kazi bado inakwenda. Tezi ina ujazo wa mililita 21, na kwa mwanamke mwisho wa kawaida ni kama 18, kwa hiyo imevimba kidogo. Pia haikuonekana nyororo, ina mabaka, dalili ya kwamba inawezekana kinga ya mwili inaishambulia. Na kuna kinundu kimoja cha milimita 8 chenye maji ndani.

Neno kinundu lilinitoa jasho. Daktari akanieleza kwamba vinundu vya tezi ni vya kawaida mno, hasa kwa wanawake na kadiri umri unavyosogea, na vingi havina saratani. Vinapewa alama kwa sura yake: kama ni cha maji au kigumu, kingo zake, kama kina chembe za chokaa, kama kimesimama kwa urefu kuliko upana. Sindano ya kuchukua chembe huamuliwa kwa alama hizo pamoja na ukubwa, na hata kinachotisha sana kwa kawaida hungojwa kifike sentimita 1. Changu ni cha maji, hakihitaji sindano.

Dawa hakunipa. TSH ikivuka 10, au dalili zikizidi, au mtu akitaka mimba, hapo mazungumzo ni mengine. Kwangu amesema turudie TSH baada ya miezi miwili mitatu, safari hii na kinga za TPO, kwa sababu wakati mwingine inapanda na kushuka yenyewe. Nikamuuliza habari ya mwani. Akasema usiuguse: iodini ikizidi nayo inaweza kuilemaza tezi, hasa iliyo na hitilafu tayari. Nile samaki wangu, ninunue chumvi ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto, basi.

Tangu nirudi, dada zangu wawili wanataka na wao wakapigwe altrasaundi, shingo zao hazina kitu, "tujue tu." Nimewakatalia. Korea Kusini walifanya hivyo kwa watu wazima wasio na dalili, na kati ya 1993 na 2011 saratani za tezi zilizogunduliwa ziliongezeka mara 15, lakini vifo havikubadilika. Watu wengi walikatwa tezi na wakawa watu wa vidonge maisha yote kwa vitu ambavyo visingewadhuru. Mwenye uvimbe, mwenye sauti iliyokauka isiyopona, mwenye shida ya kumeza, mwenye dalili kama zangu, aende. Asiye na kitu, hiyo 40,000 akanunulie watoto madaftari.

Alama zangu: daktari tano kwa tano, chumba cha altrasaundi nne na nusu, maabara mbili na nusu, mapokezi moja, na hiyo ni kwa sababu kiti kilikuwa kizuri. Nitarudi kurudia TSH, ila nimeshawaomba waniandikie kwenye risiti siku ya majibu, na wameandika. Kwa wanaouliza: Jumapili maabara wanatoa damu, altrasaundi hakuna.