TAHADHARI: fundi umeme anayekuuzia stata wakati shida ni waya tu

Wakuu habari zenu. Kuna jamaa anajiita fundi umeme wa magari, ukimpigia anakufuata mpaka gari ilipogomea, anakuja na kimashine cha kusoma kodi (namba za makosa zinazoandikwa na kompyuta za gari) na begi la spea, na gari yoyote isiyowaka kwake ina majibu matatu tu: stata (mota inayozungusha injini iwake) imekufa, alteneta (inayochaji betri) imekufa, au ile kubwa lao, kontrol boksi (kompyuta ya gari) imeungua. Jina lake silitaji ila mchezo wake nauweka wote hapa maana hauchezi peke yake.

Gari ya shemeji yangu iligoma, ukizungusha funguo inalia tak mara moja halafu kimya, taa za dashibodi zinawaka kama kawa. Jamaa kafika, betri hajaigusa hata kidogo, kachomeka mashine, ukatoka mlolongo wa kodi akaanza kumsomea shemeji mojamoja kama daktari mwenye majibu mabaya, hii sensa, hii mawasiliano, hii kontrol boksi nayo inataka kuondoka. Hapo mtu unaloa lazima. Sasa sikieni, volti zikianguka wakati unapiga stata, iwe betri iko chini au kuna waya haupitishi, zile kompyuta za gari zinapotezana na kila moja inaandika malalamiko yake, so kodi kumi sio vitu kumi vibovu. Fundi anayejua anahakikisha kwanza betri na waya viko sawa, anafuta kodi zote, ndo anaangalia zipi zimerudi. Huyu yeye ile orodha ya kodi ndo orodha yake ya mauzo.

Basi akafunga stata "mpya" (ya mtumba iliyopulizwa rangi, ukikwangua na ukucha unakutana na kutu), gari ikawaka, hela ikatoka, na stata ya zamani akaondoka nayo eti anaenda kuitupa. Haikupita muda, tak ileile.

Fundi wa pili alikuja na mita tu basi. Kapima betri, volti 12.6, imejaa. Kasema piga stata, volti za betri zikashuka kidogo sana, akasema ok betri nzima ila umeme hauendi, maana stata ikivuta kweli volti lazima zishuke zaidi ya hapo. Kaweka mguu mmoja wa mita kwenye negativu ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, piga tena, zikasoma volti 4 na ushee. Pale zikizidi 0.2 hivi ujue kuna kitu. Kaufuata waya wa ethi (ule wa negativu) mpaka unapofungwa kwenye bodi, chini ya nati kumejaa kutu. Kasugua, kakaza, gari ikawaka na inawaka mpaka leo.

Mtauliza mbona stata ya jamaa iliwasha? Ili ufunge stata lazima kwanza uchomoe teminali ya betri, halafu unazivuta na kuzitikisa nyaya nene za hapo, unakaza tena, na katika kutikisa huko ule mguso mbovu unarudi kwa muda. Yaani kazi ya kufunga spea inaugusa ugonjwa kwa bahati, mteja anaona gari imewaka anaamini ni spea. Jamaa anakula hapo na akirudishiwa lawama anasema "sasa imebaki kontrol boksi".

Mchezo mwingine ni wa betri. Anakuletea ya zamani aliyoichaji vizuri, anaweka mita mbele yako, 12.6, unaona imenyooka. Kipimo kile bila mzigo, yaani stata haizunguki, kinasema imejaa chaji tu, hakisemi kama betri ni nzima. Mwambie apime wakati stata inazunguka, ikidondoka chini ya 9.6 na ilikuwa imejaa, hiyo betri imeshachoka.

Na ukiona mtu anachomoa teminali ya betri injini ikiwa inaunguruma, eti anapima alteneta, mzuie HAPOHAPO. Volti zinaweza kuruka ghafla na kuunguza kontrol boksi kweli, halafu aliyeiunguza ndo anakuuzia nyingine. Alteneta inapimwa na mita juu ya betri injini ikiwa inawaka, kawaida unaona 13.8 mpaka 14.5 hivi. Na alteneta mbovu pekee haizuii gari kuwaka kama betri imejaa, itawaka halafu izime njiani betri ikiisha.

Mlio nao unasema mengi kabla fundi hajafika. Tak-tak-tak ya harakaharaka mara nyingi ni betri chini au teminali imelegea. Tak moja nzito, angalia nyaya nene na ethi kabla ya kuilaumu stata. Kimya kabisa, hamia kwenye fyuzi, rilei (kile kiswichi cha umeme kinachopeleka moto kwenye stata), swichi ya funguo, na kama ni otomatiki jaribu kuiweka N badala ya P. Injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki, stata haina kosa, anayekuuzia stata hapo ni mwizi tu sina neno lingine. Angalia na kile kitaa chenye alama ya funguo kwenye dashibodi, kama kinapepesa wakati unawasha huenda gari haiutambui ufunguo wako, na hiyo sio kontrol boksi kuungua.

Stata ya shemeji haijarudi, jamaa simu hapokei. Kama gari yako iko kwake saa hizi, nenda leo kapige picha namba za betri, stata na kontrol boksi kabla hajazigusa, na chochote atakachotoa akukabidhi mkononi ndo umlipe.