Angulimala na mnyang'anyi wa msalabani

Angulimala, mnyang'anyi katika masimulizi ya Kibuddha, aliua watu, akavaa vidole vyao shingoni. Buddha alimgeuza akawa mtawa, hata akafikia ukombozi kamili. Lakini alipokwenda kuomba chakula mjini Savatthi, alipigwa kwa madongo, fimbo na vigae. Akarudi kichwa kinavuja damu, bakuli limevunjika, joho limechanika. Buddha akamwambia avumilie, hayo ni matunda ya karma yake, yaani matendo yake ya makusudi. Hakuna hakimu wa kuombwa msamaha hapo. Tendo la makusudi huzaa matokeo yake lenyewe.

Kwa Wakristo, dhambi ni kumkosea Mungu, na aliyekosewa anaweza kusamehe. Mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Yesu aliahidiwa peponi siku ileile, bila nafasi hata ya kurudisha alichoiba. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa. Ila naye hakushushwa msalabani akiwa hai: Warumi walimvunja miguu, akafia palepale.