Templeti ya marejeo iliyomgeuza Muyaka kuwa "al-Ghassaniy, M. b. H."

Jamani mimi si mtu wa kuja kulialia mtandaoni, ila hii nimeivumilia tangu kabla ya mfungo na sasa imenifika kooni, bora niteme.

Kuna hii kamusi elezo ya mtandaoni yenye lugha chungu nzima, watu wanaandika kwa kujitolea. Siitaji jina, wanaoandika humo washaijua. Mimi niko upande wa Kiswahili, naandika usiku nikishafunga duka la fotokopi hapa Mji wa Kale, Mombasa, joto likipungua na bando likiwepo. Na ninachokisema leo si kamusi yenyewe, ni ile templeti ya marejeo, kile kidude unachojaza visanduku, mwandishi, mwaka, mchapishaji, halafu chenyewe kinakupangia kule chini ya makala ili msomaji ajue maneno haya umeyatoa wapi. Kwa kusimuliwa ni kitu kizuri sana. Kwa kusimuliwa.

Basi nilikuwa naandika kuhusu Muyaka bin Haji. Mtu wa Mombasa huyu haelezwi, lakini kwa walio mbali, ni malenga wetu wa zama za Mazrui, ukoo uliokuwa ukiitawala Mombasa, alifariki kama 1840 hivi. Diwani yake ikaja kuchapwa Johannesburg mwaka 1940 na William Hichens. Sasa tazama mikono iliyopita hapo katikati: Muyaka katunga, mashairi yakabaki vinywani mwa watu, Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya, akamsaidia mmishenari mmoja Mwingereza aliyekuwa hapa hapa Mombasa, W. E. Taylor, naye Taylor akayatia kwenye herufi za Kizungu, karatasi zikaishia London, ndo Hichens akaja kuhariri. Watu wanne na miaka mia.

Templeti ina kisanduku kimoja. Mwandishi. Na ndani yake kimekatwa vipande viwili, jina la ukoo na jina la kwanza, vyote sharti, usipojaza hakihifadhi.

Nikakaa pale na kikombe changu cha kahawa chungu najiuliza ukoo niweke nini. Bin Haji si ukoo, ni kusema babake ni Haji, basi. Al-Ghassaniy ni nisba, yaani jina la kuonyesha asili ya mtu, ipo, vitabuni utaikuta, lakini nenda Kibokoni, mtaa wetu huku, uulize mashairi ya Ghassaniy uone watakavyokutumbulia macho. Sikuwa na njia, nikaiweka hio hio, nikabonyeza hifadhi, ikatoka "al-Ghassaniy, M. b. H. (1940)". Yani mtu kalala kaburini miaka mia ndo kaamka kutoa kitabu! Muyaka kwa jina hayupo, kabaki herufi moja na nukta. Mwalimu Sikujua hakuna pa kumweka, hata kwa kumbana. Na pembeni maandishi mekundu, makubwa, ati "ISBN inakosekana". ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, gani jamani? Hizo namba zimekuwa kiwango cha kimataifa 1970, kitabu kishazeeka miaka thalathini, niitoe wapi, niibuni?

Kosa langu likawa kumuonyesha jirani yangu, mzee mmoja tunamwita Maalim, anayajua mashairi ya Muyaka kuliko mimi ninavyoijua namba yangu ya simu. Akavaa miwani, akasoma, akasoma tena.

"Ghassaniy ndo nani huyu?"

"Muyaka huyo, Maalim."

"Muyaka yupi?"

"Muyaka wetu."

Akanirudishia simu. "Mwanangu, mtu ana jina lake. Mwandike kwa jina lake."

Niliona haya wallahi, na si mimi niliyekiunda kile kidude.

Sasa ndo nije kwenye lililoniwasha hasa. Nilimwandikia admini mmoja wa templeti, kwa adabu zote, nikasalimia, nikamweleza kwamba majina yetu ya pwani hayaendi hivyo, mtu ni fulani bin fulani na jina lake ni lile la mbele, basi wekeni kisanduku kimoja cha jina kama lilivyo, na mtuwekee mahali pa mtunzi na mkusanyaji na mnukuzi, maana fasihi yetu nyingi imepita kwenye ndimi kabla ya kufika karatasini. Niliandika aya tatu nzuri. Jibu lilikuja siku ya pili, na ninalinukuu lote: "Jina la ukoo ni sharti. Soma mwongozo."

Hata wa alaikum hakuna.

Haya, nikaenda kuusoma. Mwongozo uko kwa Kiingereza! Upande wa Kiswahili, kwa waandishi wa Kiswahili, mwongozo wote Kiingereza, na mifano yote ni akina Smith na Jones. Nikarudi nikamwambia yule admini nimeusoma, majina kama yetu hayamo. Akajibu huo ni muundo wa kimataifa. Kimataifa gani? Iceland ni Ulaya kabisa na watu wao hupangwa kwa jina la kwanza, mpaka kwenye daftari la simu walipokuwa wakilichapa, kwa sababu lile la pili kwa kawaida ni la baba, sawasawa na bin wetu. Wachina jina la ukoo ndo linaanza, Mao ni ukoo, Zedong ndo jina lake, lakini kidude hiki ukikijaza kinatia mkato katikati kama vile kamgeuza mtu. Hapo umeshatoa nusu ya dunia, huo umataifa umebaki wa nani?

Na bado sijafika kwenye "Mhariris".

Ndio, mmesoma sawa. Ukiweka mhariri mmoja inaandika "Mhariri". Ukiweka wawili inaandika "Mhariris". Nilidhani macho yangu. Kumbe aliyeiunda huko upande wa Kiingereza aliiambia programu ikiona watu zaidi ya mmoja iongeze s mwishoni, na waliotuletea sisi wakatafsiri neno wakaiacha ile s inaning'inia. Kwamba kuna lugha wingi wake unaanzia mbele, wahariri, watunzi, wafasiri, halikumpitia mtu kichwani. Na miezi pia, ukiandika Machi inakupa wekundu kwamba tarehe si sahihi, ukiandika kwa Kiingereza inanyamaza imeridhika. Nyota moja, na ningewapa sifuri kama ingekubali.

Ila nisiwe mwongo. Makala ya jarida, yale yenye DOI, ile namba ya kudumu ya makala, unaipachika tu, unabonyeza, na mwandishi, jarida, juzuu, kurasa, vyote vinajijaza vyenyewe kwa sekunde mbili. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu dukani. Mimi niliyewapigia chapa wanafunzi wa chuo tasnifu zao, nikiona wanavyohangaika na orodha ya marejeo mpaka usiku wa manane, najua hio ni neema. Kwa hivyo wanaojenga vitu hivi akili wanayo, usinielewe vibaya, tatizo ni nani alikuwa akilini mwao wakijenga.

Na kuna kijana mmoja, sijui yuko wapi, yeye huingia usiku tu, aliyaona malalamiko yangu kwenye ukurasa wa majadiliano akaniambia "pole dada, ngoja nione." Baada ya kama wiki, miezi ikakubali Kiswahili. "Pp." ikawa "uk.", "et al." ikawa "na wenzake". Wahariri wakawa wahariri. Akafanya hata visanduku vikubali kuitwa kwa majina mawili, la Kiswahili na la Kiingereza, kwa sababu makala nyingi zinatafsiriwa na zinakuja na marejeo yake yameshajazwa kwa Kiingereza, ukilazimisha Kiswahili peke yake zote zinapasuka. Hilo mimi nisingelifikiria. Akanitengenezea na kisanduku cha "jina kama lilivyo". Nikamjaza Muyaka bin Haji, nikahifadhi, ikatoka Muyaka bin Haji. Nikampelekea Maalim, akasema "ehee", na kwa Maalim hio ni hotuba. Mkusanyaji bado hakuna, Mwalimu Sikujua nimemtia kwenye kisanduku cha maelezo ya ziada kama mgeni aliyekosa kiti, lakini nikasema basi, sasa wamefika nyota tatu, nne labda nikiwa nimekula.

Hayo maneno ya juu niliyaanza juzi. Leo nimerudi kumalizia hii rivyu, nikafungua makala ili nipige skrinshoti niwaonyeshe. Mhariris. Imerudi. Muyaka karudi kuwa M. b. H., na Machi ni nyekundu. Nikaulizia, nikaambiwa kuna mtu kaleta toleo jipya kutoka upande wa Kiingereza, kalipachika juu ya lile letu lote, na kazi ya yule kijana imefunikwa kwa sababu tafsiri zake zilikuwa ndani ya programu ile ile, hazikuwekwa kando kwenye jedwali lake ambalo sasisho haligusi. Na aliyelipachika ni nani? Yule yule wa "soma mwongozo".

Kijana anasema atarudisha, nisiwe na wasiwasi, safari hii ataliweka kando. Namwamini yeye. Nyota ni moja, na Maalim sijamwambia.